Mpini Mnene wa Muthamia

Nusu ya wanaume wa Kibirichia wamepita mikononi mwa Muthamia, na karibu wote watakwambia jambo moja: hawakujua ameanza, wakaambiwa amemaliza. Wanangu wawili pia walipitia kwake, katika kliniki yake ndogo karibu na Kaaga, na kila mmoja alitoka na soda mkononi na uso wa mtu aliyetapeliwa, maana alikuwa amejiandaa kwa vita na vita havikutokea. Desemba ikifika, shule zikifungwa, wazazi hushuka na wavulana wao wa kutahiriwa kutoka kule kwenye mashamba ya viazi, na Muthamia hukosa hata nafasi ya kukohoa. Kwa cheti yeye ni afisa wa kliniki. Kwa watu ni Daktari, na ukimwambia mtu wa Kibirichia kwamba kuna tofauti, atakuuliza wewe ulisomea wapi.

Mimi naitwa Mahad. Nina malori. Nilizaliwa hapa Meru mjini, nyuma ya msikiti. Kimeru nakisema kuliko Wameru wengine wanaojifanya wamekisahau, na viazi vya Kibirichia nimevibeba hadi Nairobi tangu nikiwa kijana mwenye nywele. Nilijuana na Muthamia kwa sababu ya jipu. Sitaeleza jipu lilikuwa wapi. Alinipasua huku akiniuliza habari za barabara ya Isiolo, na nilipofungua mdomo nimjibu, kazi ilikuwa imekwisha. Tangu siku hiyo sijampeleka mtu wa nyumba yangu kwa mkono mwingine.

Gofu tuliianza uzeeni, kwa ukaidi tu. Juu kidogo, kwenye barabara ya Timau, kuna uwanja wa mashimo tisa uliozungukwa na ngano, na baridi ya huko inaingia mpaka kwenye meno. Nilikuwa nikipeleka mchanga pale. Siku moja nikaona wanaume wazima wanapiga kampira kisha wanakafuata kwa miguu, nikacheka mpaka meneja akanipa fimbo nijaribu. Nikapiga hewa. Juma lililofuata nilirudi na Muthamia ili nimwonyeshe upuuzi huo, naye akaupiga mpira ukapotelea juu ya ngano, na hapo sote wawili tukawa tumekwisha. Ebla, mke wangu, anasema afadhali ningeoa mke wa pili, angalau huyo angemsaidia kupika.

Kwa mapigo marefu Muthamia alikuwa hatari. Taabu yake ilikuwa karibu na shimo, kwenye zile nyasi fupi tunazoziita grini. Pale mtu hushika fimbo fupi na kuusukuma mpira taratibu tu, kazi ambayo hata shangazi yako angeiweza. Muthamia akiishika ile fimbo fupi, vifundo vya mikono yake vilianza kucheza, fimbo ikaruka, mpira ukapita kando. Ilianza kidogo kidogo, kisha ikawa kila Jumamosi.

Tulimcheka, sitaficha. Tuliuita ugonjwa wake woga wa shimo: mkono mzima, lakini mtu akiona shimo moyo unamruka. Kila mmoja alikuwa na dawa yake. Wengine walisema ni baridi ya Timau, akanunua glavu za sufu. Wengine, tena Wameru wenzake, walisema ni miraa, na hapo aliumia kweli, kwa sababu aliacha kutafuna kwa miezi, akanenepa, akawa mkali kama nyuki, na mkono ukaendelea kucheza vilevile. Njagi, wakili kutoka Embu anayekuja kucheza nasi, alimpa jina la Daktari wa Mbali.

"Huyu ako sawa," alisema Njagi, "mpaka afike karibu na mgonjwa."

Tulicheka, na Muthamia akacheka kutushinda wote.

"Ni kichwa tu," aliniambia kila mara tukirudi nyumbani. "Nikishika kisu, mkono ni jiwe. Nikishika hii fimbo, ni uji. Sasa hiyo ni mkono ama ni kichwa?"

Nilimwambia ni kichwa. Nilitaka sana kiwe kichwa, ingawa wakati huo sikujua kwa nini nilitaka hivyo.

Mpini mpya uliletwa na binti yangu Samsam, anayeishi Nairobi. Nilimwomba aniulizie kwenye maduka ya gofu kama kuna kitu cha kumsaidia mtu mwenye mikono inayocheza, naye akashuka Meru kwa likizo akiwa na mwanawe Younis mkono mmoja na hicho kidude mkono wa pili. Ulikuwa mpini wa raba laini, mnene ajabu, bapa upande wa mbele. Karatasi yake ilisema umetengenezwa kuvituliza vifundo vya mikono ili mabega ndiyo yafanye kazi. Niliusoma ule unene wake kwa mkono nikaona kama ni mzaha. Nilimpigia Muthamia simu aje.

Tuliufunga kwenye bohari yangu, katikati ya magunia. Nilipasua raba ya zamani kwa kisu cha jikoni cha Ebla, ikatoka utepe mrefu kama ngozi ya nyoka, nikaitupa kwenye buti la gari. Tukazungusha tepu, tukamwaga petroli kidogo ili mpini uteleze, tukausukuma kwa nguvu hadi ukakaa. Muthamia aliushika, akaangalia mikono yake, akaangua kicheko.

"Wewe Mahad, hii ni nini? Hii ni mwiko ya kupika ugali ya harusi!"

"Pika basi," nikamwambia. "Jumamosi Njagi anakuja na watu wake wa Embu. Tukishindwa tena, mbuzi wa kuwalisha ni yako."

Hakuujaribu hapo. Alisema hataki kuuzoesha woga.

Jumamosi hiyo kulikuwa na jua kali na upepo wa baridi, hali ya hewa ya Timau isiyojijua. Watu wa Embu walikuja wengi. Njagi alipouona mpini alikaa chini kwenye nyasi acheke vizuri. Nilikuwa karibu na Muthamia kwenye grini ya kwanza. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni kabla ya mtu yeyote kupiga mpira. Alikuwa anaogopa, tena vibaya, kwa sababu alijua wote wanasubiri kidude changu kimwaibishe.

Akasukuma mpira, ukaingia.

Njagi alisema ni bahati. Grini ya pili mpira ukaingia, na ya tatu, na ile ya nne yenye mteremko ambayo mimi mwenyewe huipita nikisoma dua. Vifundo vya mikono yake vilikuwa vimetulia kabisa, kama vimefungwa na fundi. Watu waliacha kuongea. Kufika shimo la mwisho hata wale kedi, vijana wa kubeba fimbo, waliokuwa wamekaa kivulini walikuja kusimama nasi, na Muthamia akalisimamia lile shimo, jasho likimtiririka kidevuni, akausukuma mpira ukaenda polepole na kuanguka ndani.

Tulipiga kelele ambayo naamini ilisikika Nanyuki. Nilikimbia kumkumbatia. Nilipofika karibu, uso wake ulinisimamisha. Nimewahi kuona uso kama huo, kwenye veranda za hospitali, kwa watu waliotoka kuambiwa habari ndani.

"Mahad," alisema, "imeingia."

"Imeingia! Umewamaliza!"

"Imeingia yote," akasema tena, kwa sauti ya mtu anayeripoti ajali.

Nilidhani ni furaha iliyozidi. Watu wengine huishiwa nguvu wakifurahi. Alikula nyama ya mbuzi wa Njagi, na ndani ya gari alikaa akitazama ngano. Tulipokaribia kwake aliuliza, "Ile raba ya zamani bado iko kwa buti?"

Nikamwambia ipo. Akaichukua, akaiviringa, akaitia kwenye mfuko wa koti. Nikajisemea, mzee anataka kumbukumbu ya taabu zake, na nikaenda nyumbani nikimwigiza Njagi mbele ya Ebla mpaka akacheka.

Siku chache baadaye nilipita kliniki. Shule zilikuwa zimefungwa, na Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya wavulana. Younis wetu alikuwa wa kwanza kabisa. Ebla alikuwa ameshawaita dada zake kutoka Maua, Samsam ameshanunua kanzu nyeupe, na mtoto mwenyewe ameshawatangazia majirani wote kwamba Daktari Muthamia ana mkono usiosikika. Nilibeba pakiti ya tende, kama nilivyofanya kwa wajomba zake. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana na hapakuwa na mtu mapokezi. Nikabisha mlango wa ndani, nikaingia.

Muthamia alikuwa ameketi mbele ya meza. Kwenye beseni kulikuwa na viazi vikubwa vya Kibirichia vilivyooshwa. Kila kiazi kilikuwa kimechorwa mstari wa kalamu ya bluu kukizunguka, na kando ya kila mstari kulikuwa na njia ya kisu iliyopinda, ikatoka, ikarudi, ikatoka tena. Kisu chenyewe kilikuwa mkononi mwake. Ni kile cha upasuaji, kilicho chembamba kama penseli, ila hakikuwa chembamba tena. Kilikuwa kimezungushiwa utepe wa raba ya fimbo na plasta ya hospitali juu yake, kikawa kinene kama gunzi la mahindi.

Tende zilinidondoka. Wallahi sijawahi kushtuka namna ile, na nimewahi kuona lori langu likiteremka mlima bila dereva.

"Funga mlango," alisema bila kugeuka.

"Hii ni nini?"

"Ni viazi."

"Naona ni viazi! Mimi nimebeba viazi maisha yangu yote. Kwa nini umezifanya hivi?"

Alichukua kisu kingine kwenye sinia, kisicho na raba, akakisogeza kwenye upande mzima wa kiazi kimoja. Ncha ikaanza kugonga ganda, to to to, kama mtu anayebisha hodi. Akaacha igonge mpaka nikamwambia basi, inatosha, weka chini.

"Ni woga," nikasema. "Wewe mwenyewe ulisema ni kichwa."

"Jumamosi niliogopa kuliko siku zote," alisema. "Njagi ananiangalia, wewe unaniangalia, mpaka kedi wananiangalia. Kama ni woga, Mahad, ningekosa. Raba haiwezi tibu woga. Raba inashika mkono tu. Ikashika mkono, na mpira ikaingia yote. Sasa niambie mgonjwa alikuwa nani."

Nilitafuta kiti nikaketi. Mimi mwenyewe ndiye niliyeomba ule mpini. Mimi ndiye niliyeufunga, nikaushangilia, nikapiga kelele za kusikika Nanyuki.

"Tangu lini?"

"Desemba iliyopita kuna kijana nilimshona mara mbili mahali pa mara moja. Alipona vizuri kabisa. Mama yake ndiye ameleta hizi viazi, asante yake. Nikajiambia nimechoka." Alikigeuza kile kisu kinene. "Nikafikiria, kama fimbo imekubali, labda hata kisu itakubali. Imekubali kidogo. Si ya kutosha."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu inakuja."

Hapo hasira ikanipanda, na si kwa sababu unayodhani. Sikukasirika kwamba alitaka kumkata mjukuu wangu kwa mkono huo. Nilikasirika kwamba anakata tamaa. Alianza kunieleza kwamba kule kwao, mvulana akishatajiwa jina la mtu wa kumtahiri, hapitishwi kwa mwingine kama gunia. Ni lazima huyo mtu aende nyumbani kwao mwenyewe, amkabidhi mbele ya baba yake. Akauliza ataenda kuwaambia nini wale watu, kwamba mkono umeisha? Yeye aliyewatahiri baba zao? Nami nikamkatiza. Nilimwambia aache upuuzi. Nilimwambia aongeze raba, aongeze plasta, ikibidi nitamletea mpini mwingine mnene kuliko huo. Nilimwambia nyumba yangu haijawahi kuingiwa na kisu kingine, na haitaingiwa.

"Mimi nakuamini," nilisema. "Unanisikia? Dunia nzima ikikukimbia, mimi siendi mahali."

Nikachukua kalamu yake ya bluu, nikajichora mstari mgongoni mwa mkono wangu wa kushoto, kutoka kidole gumba hadi kwenye kifundo. Nikauweka mkono mezani, kati ya viazi.

"Pitisha kisu juu ya huo mstari. Juu juu tu, usikate. Ujionyeshe."

"Mahad, toa mkono."

"Sitoi."

"Nakuomba."

"Nimesema sitoi! Pitisha!"

Nadhani alikuwa na tumaini kidogo, na ndilo linaloniuma hadi leo. Akashika kile kisu kinene kwa mikono miwili, kama anavyoshika fimbo, akayakaza mabega, akakileta. Nilikuwa nikimtazama usoni, nikitabasamu, ili aone nilivyo mtulivu. Kisha nikatazama chini nikaiona ncha ikija, ikitetemeka, inang'aa.

Mkono wangu ukatoka.

Sikuutoa mimi. Naapa kwa Mwenyezi Mungu, moyo wangu ulikuwa umekaa pale mezani na rafiki yangu. Mkono uliruka wenyewe, ukaangusha kiazi, ukaenda kujificha kwapani mwangu kama mtoto aliyechapwa. Nilishtuka kuuona huko. Nilishtuka kuliko niliposhtukia viazi, kwa kuwa viazi vilikuwa habari ya mwili wake, na hii ilikuwa habari yangu mimi.

Kiazi kilibingirika hadi mlangoni kikasimama.

"Umeutoa," Muthamia alisema.

"Sikuutoa!"

"Umeutoa, na ni sawa. Wewe unanipenda na umeutoa. Sasa Younis?"

Nililia. Mzee mwenye malori, nimekaa kwenye kiti cha wagonjwa, nalia na tende zimetapakaa sakafuni. Muthamia hakulia. Aliuondoa wembe wa kile kisu, akautia kwenye kopo la sindano zilizotumika, kisha akaanza kubandua plasta na kufungua raba, mzunguko mmoja baada ya mwingine. Vidole vyake vilikuwa vikihangaika na ile plasta. Nilitaka kumsaidia, lakini mkono wangu bado ulikuwa kwapani na sikuthubutu kuutoa mbele yake.

Kesho yake nilimpeleka Kibirichia kwa gari langu. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, pamoja na Kirimi, kijana aliyefanya naye kazi kliniki miaka kadhaa, mwenye aibu na mikono mizuri. Kila nyumba Muthamia alisimama uani, akamwita baba na mvulana, akauinua mkono wake wa kulia hewani wauone wenyewe. Hakuueleza. Aliuacha ucheze mbele yao, kisha akauchukua mkono wa Kirimi akaukabidhi kwa baba. Akina baba hao walikuwa wamepita kwake wote. Mmoja aligeuka akaenda nyuma ya zizi na hakurudi mpaka tulipoondoka. Mwingine alisema, "Daktari, si ungetuambia ni baridi tu," na Muthamia akamjibu kwamba hata yeye angependa iwe baridi.

Nyumba ya mwisho, tuliporudi Meru mjini, ilikuwa yangu. Ebla alishatengeneza chai. Younis alipoambiwa, alimtazama Kirimi kuanzia viatu hadi nywele na kuuliza kama na huyu mkono wake hausikiki. Muthamia ndiye aliyejibu, akamwambia hausikiki, yeye ameusikiliza. Jumatatu Kirimi alifanya kazi, na Younis akatoka na soda na uso wa mtu aliyetapeliwa.

Hospitali kubwa walimpa Muthamia jina la ugonjwa na vidonge vya kumeza asubuhi. Siku hizi Kirimi ndiye Daktari, na Muthamia hukaa mapokezi akiwasemesha akina mama.

Gofu hajaiacha. Jumamosi bado tunapanda kule juu, na tangu siku ile hajakosa shimo la karibu hata moja. Njagi ameacha utani. Muthamia husimama na ule mpini mnene, akayakaza mabega, mpira ukaenda na kuanguka ndani, kisha hugeuka kunitazama mimi kwanza kabla ya wengine. Wote hupiga makofi. Mimi humwambia vizuri sana, ndugu yangu, vizuri sana, na mkono wangu wa kushoto nimeutia mfukoni.